Swali la Mwisho la Bwana Zadock

"Jina lako nani, binti?"

"Metrine Naswa, bwana."

"Umetoka wapi?"

"Bungoma, lakini sasa naishi hapa Kisumu."

"Hiyo lakini ni ya nini? Unaionea haya Bungoma?"

Metrine alishindwa kujizuia, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Chumba chake cha Manyatta kilikuwa na kiti kimoja tu, naye ndiye aliyekikalia. Abeid alikuwa kitandani, amejifunga tai nyekundu aliyoichomoa kwenye mzigo wake wa mitumba. Tai juu ya fulana! Alikuwa amekunja uso na kukaza sauti ili afanane na Bwana Zadock, meneja wa karakana ya meli alikofanya kazi. Hakufanana naye hata kidogo. Bwana Zadock, kwa maelezo ya Abeid mwenyewe, alikuwa na kitambi kinachofika mezani kabla yake.

"Wacha kucheka," Abeid alisema. "Jumanne hakuna kucheka. Hao watu watakuhoji kama polisi."

Jumanne. Ndiyo siku aliyoitwa kwenye usaili wa kazi. Tangu amalize diploma yake ya usalama na afya kazini, Metrine alikuwa ametuma maombi kila mahali, kuanzia Busia hadi Nakuru, na jibu alilolizoea ni kimya. Diploma ililala sandukuni, mwenyewe akauza mitumba katika soko la Kibuye. Kumbe Mungu akitaka kukupa hakuandikii barua. Nafasi ya ofisa wa usalama ilikuwa imetokea, tena haikutokea kwingine ila karakana ileile ya mwanamume anayempenda.

Na waliihitaji kazi hiyo kuliko alivyokuwa tayari kumwambia mtu. Mapenzi yao yalikuwa yamekwama kati ya kuku na dini. Abeid alipokwenda Bungoma kujitambulisha, wazee walimchinjia kuku kama mgeni wa heshima, naye kwa adabu zote akaomba radhi, hakuweza kumla kwa kuwa hakuchinjwa na Mwislamu. Mgeni kukataa kuku! Mzee Naswa hakuinua sauti. Alingoja mgeni aondoke, ndipo aliposema, "Aliyekataa kuku wangu hawezi kuchukua binti yangu." Na upande wa pili, Kaloleni, mamake Abeid alikuwa na sharti lake: msichana asilimu kwanza, tena kwa moyo wake, si kwa kumfuata mwanamume. Hadi siku hiyo alimjibu Metrine salamu akitazama pembeni. Wapenzi hawa walijipa moyo kwamba wakiwa na kazi nzuri wote wawili, wazee wangelainika. Tumaini halina faini, wakaendelea kutumaini.

"Swali lingine," Abeid aliendelea. "Meli inavutwa kutoka majini. Nani ana ruhusa ya kusimamisha winchi?"

"Mtu yeyote."

"Hata mpishi?"

"Hata mpishi. Yeyote akipiga kelele 'Simama!', anayeshika winchi anasimama papo hapo. Maswali ni baadaye."

"Umefaulu. Hiyo Zadock anaipenda sana."

Abeid alilijua jibu hilo kuliko wote, maana winchi yenyewe ilikuwa mikononi mwake. Meli inayotaka matengenezo huegeshwa juu ya kigari cha chuma, kigari kikafungwa waya mnene, na winchi ikakivuta taratibu juu ya reli kutoka ziwani hadi nchi kavu. Yeye hukaa nyuma ya mtambo huo macho yakiwa kwa mpunga bendera, na watu wengine hutembea kandokando ya reli wakisukuma magogo ya kuzuia meli isilale. Ilikuwa kazi ya kuaminiwa.

"Sasa lile refu. Tueleze siku yako ya kwanza kazini utafanya nini."

Metrine alifungua kinywa, akakutana na macho yake, maneno yote yakaruka. Hayo macho! Tangu wajuane, Abeid hakuwahi kumsikiliza huku akichezea simu wala kutazama wapita njia. Alimtazama usoni, hasa midomoni, bila kupepesa, kama kwamba hakuna mtu mwingine aliyeumbwa. Valarie, jirani yake wa kibanda pale Kibuye, alimwonea wivu waziwazi. "Wetu ukiwaongelesha wanaangalia mpira," alikuwa akisema. "Wako anakunywa maneno."

"Siwezi ukiniangalia hivyo," Metrine alisema.

"Hivyo vipi?"

"Hivyo! Wacha nigeuke, nisikuone."

Akainuka na kuelekea dirishani, akampa mgongo. Redio ya jirani ilikuwa ikipiga muziki wa benga, mtu alikuwa akikaanga samaki. Metrine akavuta pumzi, akajibu. Kwanza angezunguka karakana yote kwa miguu na kuzungumza na wafanyakazi, maana wao ndio wanaojua panapouma. Kisha angeanza na hatari zinazoweza kuua, zile za kukwaruza zingefuata. Angetazama vifaa, angewapima watu macho na masikio, angeuliza ni ajali gani zilizokaribia kutokea zikanyamaziwa. Jibu lilitoka lote, zuri, bila kigugumizi. Mwenyewe alilipenda. Akateremsha sauti, akaongeza kwa madaha, bado amekipa kitanda mgongo:

"Nimemaliza, bwana mkubwa. Sasa njoo unipe busu kabla sijabadilisha nia."

Akangoja, mwili umemsisimka wote.

Hakuja mtu. Alisikia karatasi ya maswali ikigeuzwa. Alipotazama nyuma, Abeid aliinua uso na kutikisa kichwa kwa kuridhika.

"Safi sana," alisema. "Lakini umesahau kutaja buti."

Metrine alidhani anataniwa. Akageukia dirisha tena, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Abeid, mamako yuko mlangoni."

Sasa, Abeid akiwa peke yake na msichana chumbani, tena kitandani, tena amevaa tai, habari hiyo ingetosha kumrusha hadi darini. Hakutikisika. Nyuma ya mgongo wake Metrine alimsikia akiimba chini kwa chini ule wimbo wa redio, akiukosea.

Akageuka polepole. "Nimesema nini?"

"Si umerudia ile ya hatari?"

"Abeid. Nimesema nini?"

Tabasamu lilimtoka usoni. Akaifungua tai, akaikunja vizuri, akaiweka kando.

"Tangu lini?" Metrine aliuliza, lakini aliuliza akiwa ameupa mwanga wa dirisha mgongo, na Abeid akalazimika kumwambia, "Sogea kidogo. Sikuoni vizuri."

Metrine akasogea. Hapo ndipo alipoelewa yote, na moyo ukamvunjika.

"Ni zile miaka niligonga kutu ndani ya matangi ya meli," Abeid alisema. "Umefungiwa ndani na nyundo, chuma kinalia pande zote. Nani alitupa vya kuweka masikioni? Tulijiziba na pamba ya godoro. Mwanzo ilikuwa mlio tu, fiii, siku nzima. Halafu maneno yakaanza kunitoroka. Najua kuna sauti, lakini siwezi kuishika. Mpaka nione mdomo."

"Kwa hivyo hukuwa unanitazama."

"Metrine..."

"Macho yale yote. Mimi nilidhani ni mapenzi."

"Ni mapenzi."

"Ni masikio, Abeid!"

Alilisema kwa uchungu, na akaona limemwingia. "Watu wengine nikiwatazama hivyo nachoka," Abeid alisema. "Jioni kichwa kinaniuma. Wewe sijawahi kuchoka. Wallahi sijawahi."

Metrine alikaa kando yake kitandani, akalia. Abeid akamshika bega. Wangeweza kukaa hivyo hadi jua lizame, na pengine mambo yangekuwa mengine. Lakini Metrine hakusomea usalama bure. Jina moja lilimjia akilini, machozi yakakauka.

"Na Joram?"

Abeid aliondoa mkono begani.

Joram alikuwa mmoja wa wale wanaosukuma magogo. Mwezi uliopita kigari kilikuwa kimemchuna ngozi ya kisigino, na lawama akabebeshwa yeye, kwamba alipiga kelele akiwa amechelewa. Alirudishwa nyumbani wiki nzima bila mshahara. Metrine aliijua hadithi hiyo kwa sababu Abeid ndiye aliyemsimulia.

"Ulisema alichelewa."

"Ndivyo walivyosema."

"Wewe je? Alichelewa?"

"Sijui," Abeid alisema. "Hiyo ndiyo inanimaliza, Metrine. Sijui."

"Basi Jumatatu nenda kwa Bwana Zadock umwambie mwenyewe."

"Nimwambie ati mtu wa winchi ni kiziwi? Atanipa fagio, kama si kunifukuza. Na nikirudi Bungoma na fagio, babako ataniambia nini?"

"Babangu hajakataa fagio."

"Amenikataa mimi! Winchi ndiyo kitu pekee niko nacho. Wewe ukipata hii kazi, utanipima?"

"Nitapima watu wote."

"Basi heri usiipate."

Neno likishatoka halirudi. Abeid ndiye aliyelegea kwanza, akapiga magoti chini na kumshika Metrine mikono yote miwili.

"Nisamehe. Sikumaanisha. Kuna vile vifaa vya kuweka sikioni, nimeulizia hospitali. Nipe muda kidogo tu. Nikishavipata hakuna atakayejua. Usiseme, Metrine. Kama unanipenda, usiseme."

Metrine alimpangusa uso kwa kanga yake.

*

Kesho yake ilikuwa Jumapili, siku ambayo Kibuye hujaa hadi barabarani. Metrine alikuwa akikung'uta suruali na kuita wateja, moyo uko kwingine, alipoona buibui jeusi limesimama mbele ya kibanda chake. Alidhani ni mteja. Alipoinua macho, suruali ilimponyoka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Mwanangu! Mama Rehma, mamake Abeid, hakuwa amewahi kumwita hata kwa jina. Valarie aliyekuwa kibanda cha pili aliona hali ilivyo, akajifanya ana shughuli nyingi na soksi.

Mama Rehma alikaa juu ya mzigo wa nguo, akazungusha macho, akasema kwa sauti ya chini, "Abeid ameniambia umejua."

"Wewe ulijua, mama?"

"Mimi ndiye niliyemzaa. Simu ikilia mkononi mwake haipokei, huitazama tu. Adhana ikiadhiniwa hutazama watu wanaelekea wapi. Nitakosaje kujua?" Alinyoosha mkono na kuanza kukunja zile nguo zilizotawanyika, mikono yake ikienda yenyewe kama ya mama yeyote. "Babake alifariki akiwa mdogo. Nimemlea kwa kuuza mandazi na bhajia. Ile winchi, walipomkabidhi, nililia nikiwa nimesujudu. Wakimtoa pale, Metrine, mwanangu atakuwa nani?"

"Kuna watu chini ya ile meli, mama."

"Najua. Nawaombea. Lakini miezi yote hii Mwenyezi Mungu amewalinda, hatashindwa na miezi michache iliyobaki. Atapata vifaa vyake. Funika kombe mwanaharamu apite."

Mama Rehma aliacha kukunja nguo na, kwa mara ya kwanza, akamtazama machoni.

"Nilikuwa mgumu kwako. Nilikosea. Nyamaza tu hili, na mimi nitatuma wazee Bungoma. Watakwenda na adabu zote. Kuku wa babako atachinjwa na mtu wetu, kwake, mbele yake, tule wote sahani moja. Na habari ya kusilimu tutamwachia Mungu. Sitakuuliza tena."

Ilikuwa ni yote. Ilikuwa kila kitu ambacho Metrine alikililia kwenye mto wake tangu mwaka jana, kimewekwa mbele yake juu ya mzigo wa suruali kuukuu. Alijaribu kumfikiria Joram na kisigino chake, lakini Joram hakuwa na uso, hawakuwahi kukutana. Mwanamke huyu alikuwa na uso, na ulikuwa uso wa Abeid.

"Sitasema, mama," Metrine alisema.

Mama Rehma akamvuta kifuani na kumkumbatia pale sokoni, watu wakipita. Alinukia udi. Metrine alitamani furaha aliyokuwa akiitarajia ije. Haikuja.

*

Jumanne Bwana Zadock alionekana mpole kuliko alivyoigizwa, ingawa kuhusu kitambi Abeid hakuwa amedanganya. Pembeni yake aliketi mama mmoja wa ofisi ya wafanyakazi, amevaa miwani, anaandika kila kitu. Metrine alijibu. Alijibu kuhusu moto, ngazi, hewa ya ndani ya matangi. Alipoulizwa nani ana ruhusa ya kusimamisha winchi alisema mtu yeyote, na Bwana Zadock akatabasamu. Alipoulizwa angefanya nini siku ya kwanza, alilitoa lile jibu lake la dirishani, lote, isipokuwa masikio. Aliyaruka, na hakuna aliyegundua isipokuwa yeye mwenyewe.

"Vizuri," Bwana Zadock alisema, akiinuka. "Hayo ni ya mdomo. Sasa njoo tutembee. Utatuambia ni hatari gani unaziona kwa macho yako."

Hilo Abeid hakuwa amemwandalia.

Walimvalisha kofia ngumu, wakateremka hadi ufukweni. Feri ndogo ilikuwa ikivutwa, nusu yake imeshatoka majini, magugu yamening'inia ubavuni. Injini ya winchi ilinguruma. Mpunga bendera alikuwa amesimama upande wa kulia wa reli. Na nyuma ya mtambo, mkono kwenye mpini wa winchi, alikuwa Abeid. Alipomwona Metrine katika ile kofia uso wake ulichanua, akaudhibiti haraka.

"Haya, binti. Anza," Bwana Zadock alisema.

"Ule waya hauna kizuizi," Metrine alisema. "Ukikatika utamkata mtu. Yule kijana pale hana buti. Na huku nyuma kuna mafuta chini, mtu atateleza."

"Endelea."

Aliendelea. Alikuwa akieleza habari ya mafuta alipohisi kitu, akatupa jicho upande wa winchi. Abeid alikuwa akimtazama. Hakumtazama mpunga bendera, alimtazama yeye, midomo yake. Alikuwa akisoma majibu yake kutoka kule mbali, moja baada ya jingine, na uso wake ulikuwa umejaa fahari ya mtu anayeona mpenzi wake anafaulu. Alitikisa kichwa kidogo: safi sana.

Masikio ya Abeid yalikuwa macho yake, na yote mawili yalikuwa kwa Metrine.

Hapo gogo moja likateleza. Mwanamume aliyekuwa kando ya reli akaruka kulirudisha, mguu ukaingia kati ya reli na gurudumu la kigari.

"Simama! Omera, ndugu yangu, simama! Mguu! Mguu wangu!"

Bendera ilishuka. Karakana nzima ikapiga kelele, Bwana Zadock akapiga kelele, mpishi akatoka jikoni akipiga kelele na mwiko mkononi. Winchi iliendelea kuvuta. Abeid alikuwa bado anatabasamu, akingoja jibu linalofuata.

Metrine hakukimbia wala hakupaza sauti. Alimtazama Abeid usoni, akainua mikono yote miwili, akalitamka neno hilo polepole kwa midomo yake.

"Simama."

Abeid alivuta breki. Kigari kikatulia, injini ikazimwa. Watu walimrukia yule aliyenaswa, wakamtoa. Buti lilibaki limebanwa, mguu ulitoka ukivuja damu, lakini ulitoka mzima. Mtu alikuwa akimwambia, "Joram, pole. Pole, Joram, kaa chini." Basi huyu ndiye aliyekuwa Joram. Alikuwa mtu mfupi mwenye mvi kidogo, naye sasa alikuwa na uso.

Bwana Zadock alimgeukia Metrine. Kitambi kilikuwa kikipanda na kushuka.

"Sisi wote tumepiga kelele hapa," alisema. "Watu wote. Hajasikia. Wewe umesema polepole, akasimama. Umejuaje?"

Yule mama wa miwani alimwekea mkono begani. "Ana jicho, huyu. Ameona hageuki, akakisia. Si ndiyo, binti? Mtu kama huyu ndiye tunamtafuta."

Mlango ulikuwa umefunguliwa wazi. Ndiyo moja tu, na kazi ni yake. Metrine alimtazama Joram, aliyekuwa amekaa chini ameushika mguu wake na kuuma meno. Alifikiri juu ya udi wa Mama Rehma na kuku wa babake.

"Sikukisia," alisema. "Nilijua tangu Jumamosi kwamba hasikii. Nimekuja hapa leo nikiwa nimeamua kunyamaza."

Yule mama akauondoa mkono.

Bwana Zadock hakugomba. Afadhali angegomba. "Umenijibu vizuri maswali yote," alisema kwa huzuni ya kweli. "Mimi ningekupa hii kazi."

"Najua, bwana."

"Acha kofia getini."

Metrine alikuwa amejibu akimtazama meneja, na kwa hiyo Abeid hakuona kitu. Alikuwa ameshuka kwenye winchi, amesimama katikati ya watu, akigeuka huku na huku kutafuta mdomo wa kusoma. Kila aliyemtazama aliinamisha kichwa.

"Amesema nini?" aliuliza. Miaka yote aliyofanya kazi pale hakuwa amewahi kuuliza hivyo. "Jameni, amesema nini?"

Joram ndiye aliyemwonea huruma. Aliinua uso pale chini alipokaa, akangoja mpaka Abeid amwone vizuri, kisha akamwambia polepole, neno kwa neno.

"Anasema alijua husikii. Anasema alikuficha. Pia mimi mwezi ile nilipiga kelele mapema, ndugu yangu. Mapema kabisa."

Abeid alivua glovu zake, akaziweka juu ya winchi. Alichuchumaa mbele ya Joram, akakishika kile kisigino chenye kovu kwa mikono miwili, na mabega yake yakaanza kutikisika. Hakuna aliyemgusa. Alipoinuka, Metrine alikuwa amesimama mbele yake, kofia mkononi, amejiweka upande wa mwanga.

"Abeid, mimi..."

"Nenda, Metrine." Alisema kwa sauti kubwa kuliko alivyojua, na karakana yote ikasikia. "Kwenu walisema, tukakataa. Kwetu walisema, tukakataa. Karibu nimuue mtu kwa kukutazama."

"Nisikilize kwanza," Metrine alisema. Machozi yalimwingia mdomoni, akayapangusa haraka ili maneno yaonekane. "Neno moja tu, Abeid. Tafadhali. Nisikilize."

Abeid alimtazama, yale macho yake yote, kutoka paji la uso hadi midomoni, kama mtu anayekariri njia.

Kisha akayafumba.